Intaneti hamna ofisini: jua kwanza imekatikia wapi ndo uanze kuchomoa waya

Mbukwenyi wakuu. Mi ni fundi wa kompyuta hapa Dodoma, nazunguka kwenye ofisi ndogo ndogo zile za kompyuta nne mpaka kumi na tano hivi, Area C, Area D, Kisasa, Majengo kwa wenye maduka ya jumla, na simu ninayopigiwa kila wiki ni ile ile, "fundi, intaneti hamna, njoo haraka". Nikifika nakuta mtu kashachomoa waya zote nyuma ya ruta akazirudisha anavyojua yeye, mwingine kachukua pini kabonyeza kile kitundu cha kuriseti, setingi zote zimefutika, na tatizo lililokuwa moja sasa yako matatu. Ndo maana naandika hapa ninavyofanya mwenyewe nikiingia ofisi ya mtu.

Chukulia kama maji ya bomba tu. Koki ya jikoni ikikauka huanzi kuchimba barabara, unafungua kwanza ya bafuni, halafu ya nje, halafu unamuuliza jirani. Mtandao nao una njia yake, kompyuta, waya au waifai, swichi (kile kiboksi cha matundu mengi kinachounganisha waya za kompyuta), ruta, halafu laini ya mtoa huduma, halafu huko nje duniani. Kazi yako ni kujua maji yameishia wapi.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, ni mtu mmoja au ni ofisi nzima? Kama ni mmoja achana na ruta kabisa, shida iko kwake au kwenye waya wake. Kama ni wa chumba kimoja tu, angalia swichi ya chumba hicho. Kama ni wote, nenda kwenye ruta na laini. Swali la pili, tangu saa ngapi na nini kilifanyika kabla, umeme ulikatika, kuna meza ilihamishwa, kuna mtu kaja na kifaa chake? Hapa watu wanadanganya sana, si kwa ubaya, wanaogopa tu. Uliza taratibu. Na swali la tatu nalitaja kwa uchungu maana nimeshapanda bodaboda mpaka Kizota jua la saa nane kwenda kukuta bando limeisha. Angalia salio.

Taa

Usione aibu kupiga magoti chini ya meza. Pale waya unapoingia nyuma ya kompyuta mara nyingi kuna vitaa viwili vidogo, na kwenye swichi kila tundu lina chake. Hakuna taa kabisa maana yake hakuna mawasiliano ya waya, na hapo hata ubadilishe setingi za Windows mpaka jioni unajichosha. Chomoa usukumize tena mpaka usikie "tak", hamishia tundu lingine kwenye swichi, halafu badilisha na waya unaojua ni mzima. Ile ya kubadilishana waya na jirani yake ndo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, ukiona ugonjwa umehama na waya basi mgonjwa umempata.

Waya wenyewe una mambo mengi. Panya wa darini wanapenda sana kutafuna ganda lake. Kuna waya za bei poa ambazo ndani si shaba tupu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, ukiikwangua na wembe unaona nyeupe ndani, hizo zinakatika kirahisi zikikunjwa kunjwa na kichwani hazikai vizuri. Urefu nao, kutoka swichi mpaka kompyuta isizidi mita 100.

Halafu kuna kosa moja la vijana wanaojifunza kubana vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki mwishoni mwa waya wa mtandao), wanapanga rangi kwa jozi jozi, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, pande zote mbili sawa sawa, testa ya taa nane inapita moja mpaka nane bila shida na fundi anaondoka na hela yake. Waya mfupi utafanya kazi. Mrefu utakusumbua mpaka ulie, unashika unaachia, faili dogo linapita kubwa linakwama. Sababu ni kwamba sindano ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja, ukipanga jozi jozi unazitenganisha, na ile testa haioni hilo, yenyewe inaangalia tu kama umeme umefika upande wa pili. Mpangilio unaotumika sana ni huu, chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ukiona bluu imeingia katikati ya kijani usidhani fundi kakosea, ndo ipo hivyo.

Na ukikuta kompyuta inaonyesha spidi ya 100 Mbps wakati swichi ni ya 1000, mara nyingi kuna nyuzi moja haijagusa. Spidi ya 100 inatumia nyuzi nne tu (1, 2, 3 na 6), ya 1000 inataka zote nane, kwa hiyo mtu anafanya kazi mwaka mzima na waya mgonjwa bila kujua.

Taa zinawaka lakini hamna kitu

Sasa ingia kwenye kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, litafunguka dirisha jeusi, andika ipconfig upige Enta. Usiogope, hiyo amri haiharibu kitu, inakusomea tu. Tafuta mstari wa IPv4, yaani anwani ya kompyuta yako kwenye mtandao, na mstari wa Default Gateway, huo wa pili ndo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

Ukiona anwani inaanza na 169.254, hiyo kompyuta haijapewa anwani na mtu, imeomba ikakosa ikajipa yenyewe. Yaani ni kama mgeni kafika stendi hajapokelewa kajitafutia pa kulala. Sababu zake ni chache. Waya au waifai haifiki vizuri kwenye ruta. Ruta imeganda, zima subiri nusu dakika washa. Au anwani zimeisha, na hii inatokea sana kuliko watu wanavyofikiri, ruta imewekewa igawe anwani thelathini tu, ofisi ina watu kumi, kila mtu na simu zake mbili na laptopu, wageni nao wamepewa paswedi ya waifai, basi ukichelewa kufika kazini unakuta viti vimejaa. Zile maifai za mfukoni ndo usiseme, nyingine mwisho vifaa 10. Ongeza idadi kwenye ruta kama inaruhusu, punguza muda wa mtu kushikilia anwani, badilisha paswedi ya waifai, na wageni watengenezee waifai yao pembeni. Kisha kwenye kompyuta andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew.

Anwani ikiwa nzuri, anza kupiga hodi kwa hatua. Andika ping 192.168.1.1, au anwani ya ruta yako yoyote ile. Ikijibu, ndani hakuna shida. Kisha ping 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google huko nje kwenye intaneti, ikijibu laini yako ni nzima. Kisha ping google.com. Hodi tatu hizo zinamaliza ubishi mwingi sana. Ruta haijibu, shida iko ndani ya ofisi. Ruta inajibu, 8.8.8.8 kimya, shida iko kwenye laini au bando. Namba inajibu lakini jina halijibu, shida ni DNS, yaani kile kitabu cha majina, kompyuta inajua njia ila haijui google anakaa wapi. Hapo andika ncpa.cpl kwenye lile dirisha la Windows na R, fungua alama ya mtandao unaotumia (waya au waifai), kwenye IPv4 weka DNS ya 8.8.8.8 na ya pili 1.1.1.1, kisha ipconfig /flushdns. Ila kama ofisi yenu ina seva ya ndani ambayo mnaingilia kila asubuhi kwa jina na paswedi, usiguse DNS, utawakatia watu seva halafu utanilaumu.

Kisa cha ruta mbili

Kuna ofisi moja ya mahesabu Area D, kompyuta tisa. Asubuhi moja kompyuta tatu hazipati mtandao, kesho yake ni nyingine mbili, keshokutwa zote nzima. Tatizo likihama hama hivyo watu wanaanza kusema ni virusi, wengine wanasema ni mambo ya kienyeji. Nilienda mara mbili nikakuta zote nzima, nikaonekana tapeli. Mara ya tatu nikaikuta moja inaumwa, nikaandika ipconfig /all, anwani yake inaanza na 192.168.0 wakati ruta ya ofisi ni 192.168.1.1, na mstari wa DHCP Server (yaani anayegawa anwani) unasema 192.168.0.1. Nani huyo? Humu ndani hakuna kifaa cha anwani hiyo.

Tukaanza kufuata waya. Chumba cha nyuma kabisa, nyuma ya kabati la mafaili, kuna ruta ya zamani kaileta kijana wa mapokezi kutoka kwake, waifai ya mbele ilikuwa haimfikii. Si kosa lake sana, tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 nyumba nyingi za kuishi zimegeuzwa ofisi, kuta za tofali mpaka juu, waifai inaishia kwenye korido. Sasa yeye kachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN (la kwenda kwenye kompyuta, si lile la kupokea intaneti), na ile ruta ilikuwa bado inagawa anwani. Kompyuta ikiwaka inauliza "nani ananipa anwani?", wanajibu wawili, anayewahi ndo anachukuliwa. Ndo maana kila siku wagonjwa ni tofauti.

Dawa haikuwa kuitupa. Niliichomoa kwenye mtandao, nikaipa anwani ya 192.168.1.2, nikazima ugawaji wa anwani ndani yake, nikairudisha kwa tundu lile lile la LAN, ikawa ni ya kurusha waifai tu. Kijana kapata waifai yake na ofisi imetulia. Akaniuliza, "kaka, kwa hiyo mimi ndo nilikuwa naangusha ofisi?" Nikamwambia ndiyo, lakini wazo lako lilikuwa zuri.

Taa zote zinacheza muziki

Hii ukiiona mara moja huisahau. Ofisi nzima imekufa, hata ruta haijibu hodi, printa haionekani, lakini kwenye swichi taa zote zinapepesa kwa pamoja haraka haraka kama disko. Hiyo kuna waya mmoja umechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ile ile, au swichi mbili zimeunganishwa kwa waya mbili. Ujumbe unaotumwa kwa wote unazunguka hauna pa kutokea, unazidi kuongezeka mpaka swichi inaelemewa. Swichi kubwa za gharama zinajua kujikinga na hilo, hizi ndogo za matundu matano na nane tunazonunua mjini nyingi hazijui.

Chomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi, kila ukichomoa subiri sekunde kadhaa uangalie taa. Zikitulia, uliouchomoa ndo wenyewe, ufuate mpaka mwisho wake. Nilipolikuta hili mara ya kwanza nilihangaika saa mbili, kumbe mama anayefanya usafi alikuwa amesogeza meza. "Mwanangu, nilikuta kichwa kinaning'inia chini nikakichomeka palipo wazi, nikasema nikusaidieni." Shikamoo mama. Tangu siku hiyo waya isiyo na kazi siiachi ikining'inia, naichomoa pande zote naondoka nayo.

Inashika inaachia

Hapa ndo pesa za watu zinapoliwa, maana wengi wanakimbilia kununua ruta mpya. Fungua madirisha meusi mawili, moja ping -t na anwani ya ruta, la pili ping -t 8.8.8.8, yaache yaende huku watu wanafanya kazi. Likija tatizo, angalia. Ruta inajibu kwa milisekunde moja mbili muda wote lakini ya nje inaruka au inakatika, ndani mko safi, lawama iko kwenye laini, au kuna mtu anaimaliza yote. Ruta yenyewe inaruka, shida iko ndani. Kusimamisha bonyeza Ctrl na C.

Ya ndani kwa huku kwetu mimi naanza na umeme na vumbi. Kiangazi, upepo ule wa mwezi wa saba wa nane, vumbi linaingia kila tundu, ruta imewekwa juu ya kabati karibu na dari na juu yake ni bati, mchana inachemka yenyewe inajizima. Iguse. Kama mkono haukai kwa joto, ishushe chini penye hewa, ipige brashi kavu, matundu yasiyotumika yazibe. Halafu adapta, ile ya kuipa ruta umeme. Adapta iliyochoka inawasha taa vizuri kabisa, ila waifai ikianza kubeba watu wengi umeme hauitoshi ruta, inajiwasha upya. Na kuna ofisi adapta zimechanganywa, ya 9V imeenda kwenye ruta ya 12V kwa sababu kichwa kinaingia. Soma kikaratasi, V (volti) lazima zilingane, A (ampea) ziwe sawa au zaidi.

Waifai ikiwa ndo tatizo, na majirani nao wana zao kila chumba, kwenye masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo ndo haziingiliani, au hamia 5 GHz kwa walio karibu na ruta, kumbuka tu hiyo haipendi kuta. Kwa kompyuta za mezani mi sitaki kusikia waifai, vuta waya.

Masika, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, kuna radi. Waya wa mtandao uliotoka jengo hili kwenda lile kwa kupita nje hewani ndo unaoniumiza, radi haihitaji kuupiga moja kwa moja, ikipiga karibu tu matundu ya swichi yanakufa, kompyuta inawaka vizuri ila taa ya mtandao haiwaki tena. Wingu likishafunga chomoa umeme na huo waya, vyote viwili, kuzima kwenye soketi peke yake hakutoshi.

Intaneti ipo, tovuti zinakataa

Kompyuta ya zamani, brauza inaleta onyo la usalama kila ukurasa, mtu anasema nimedukuliwa. Angalia tarehe pale chini kulia. Kama inasema 2015, tovuti salama zinakataa kwa sababu vyeti vyao vina tarehe ya kuanza na kuisha, na kwa saa ya kompyuta yako hivyo vyeti havijazaliwa. Rekebisha tarehe, na kama kila umeme ukikatika inarudi nyuma, nunua kabetri ka CR2032 ukabadilishe kwenye bodi, wauza saa wanako.

Printa na mafaili ya pamoja

Printa jana ilikuwa sawa leo kila mtu anaambiwa haipo. Chapisha ile karatasi ya hali ya mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, utakuta anwani imebadilika, kompyuta zinaitafuta kwenye anwani yake ya zamani. Ingia kwenye ruta uitengee anwani yake ya kudumu. Ujanja mmoja mzuri, zima printa halafu piga ping anwani yake, ikijibu wakati imezimwa basi kuna mwingine anatumia namba hiyo hiyo, mara nyingi ni simu ya mtu.

Folda ya pamoja isipofunguka kwa jina, jaribu kwa namba, kwa mfano \\192.168.1.20. Ikikataa hata hivyo, nenda kwenye kompyuta yenye mafaili uangalie kama Windows inauhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa hadharani, hapo inajifungia, ubadilishe uwe wa binafsi. Printa au kompyuta kuukuu inayotumia SMB1, njia ya zamani ya kugawana mafaili, itakataliwa na Windows mpya, na mi sishauri kuifungulia, ina matundu ya usalama.

Ukishajua ni laini ya nje

Kama mnatumia faiba, angalia taa ya LOS kwenye kile kiboksi cha mtoa huduma. Ikiwa nyekundu mwanga haufiki, hapo hakuna setingi yako itakayosaidia. Hakikisha tu ule uzi wa njano au mweupe haujakunjwa kona kali wala kubanwa na mguu wa kabati, maana ndani ni kioo, usiuchomoe kuufuta na shati. Kisha piga simu kwa mtoa huduma, na usiwaambie "intaneti hamna", watakuambia zima washa. Waambie LOS ni nyekundu tangu saa fulani, au waambie ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, na nimejaribu kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye kiboksi chenu bila kupitia swichi yangu. Ukiongea hivyo wanaacha kukuzungusha, wanaandika namba ya tatizo, nawe iandike pembeni na muda, ukipiga mara ya pili unaanza na hiyo namba.